Masufuria Mgahawani kwa Wifi

Mliponiacha wiki iliyopita nilikuwa nimesimama mlangoni mwa mgahawa wa wifi yangu, pochi nimeikumbatia kifuani, sijui nipige hodi au nigeuke nirudi nilikotoka. Wengi mmeniuliza kama alinifukuza. Hakunifukuza. Afadhali angenifukuza, maana leo nisingekuwa na haya ya kuwasimulia.

Kwa mnaonikuta leo, nisiwachoshe, mimi mwenyewe nimeshachoka. Mume wangu alifariki. Kiwanda nilichokuwa nashona kikafungwa, nikauza hata cherehani yangu ya nyumbani. Nimebaki na binti mmoja, tunamwita Chiriku kwa sababu ya mdomo wake. Miguu yake haikupata nguvu tangu azaliwe, lakini ulimi ulipata nguvu za mwili mzima. Anatembelea kiti cha magurudumu.

Maabara ya shule yao iko ghorofani, na kila siku ya maabara nilikuwa nampandisha mgongoni, hadi siku ile tulipoporomoka ngazini wote wawili mbele ya darasa zima. Mwalimu mkuu akapiga marufuku. Na muhula ujao darasa lote linahamia huko juu. Ama ijengwe njia ya kiti, ama Chiriku abaki nyumbani.

Nyuma ya jengo ardhi imeinuka karibu ilingane na ghorofa. Fundi mwashi alikuja akapima, akasema kijidaraja cha zege kitatosha, mtoto atapita na kiti chake moja kwa moja hadi darasani. Shule haikuwa na kitu. Ndipo mwalimu mkuu akapata wazo. Tutafute mgahawa, wazazi waje kula Jumamosi moja, na theluthi ya mauzo ya siku hiyo iwe ya shule.

Mgahawa wenye nafasi ya watu wote wale ni mmoja tu. Wa wifi yangu.

Basi nikapiga moyo konde nikaingia. Wifi alikuwa nyuma ya kaunta anapanga vijiko. Hakuinua uso.

“Umekuja kula au kuomba?”

“Kuomba, wifi.”

“Afadhali. Ungesema umekuja kula, ningejua unadanganya.”

Tulikuwa hatujasemezana tangu msiba wa mume wangu, ambaye ni kaka yake wa tumbo moja. Siku ile alitaka aondoke na Chiriku akamlee yeye, nami nikamwambia mbele za watu kwamba mtoto si kabati la kugawana baada ya matanga. Alilia, mimi nikalia, na toka hapo tukikutana njiani kila mtu anatazama upande wake.

Nikamweleza shida yangu. Alinisikiliza hadi mwisho bila kunikatiza, jambo ambalo si kawaida yake hata kidogo.

“Kwa hiyo mtoto wa kaka yangu anapandishwa ngazi mgongoni kama gunia?”

“Alikuwa anapandishwa.”

“Na mgongo wako?”

“Mgongo wangu mzima kabisa, wifi.”

Si mzima. Daktari alishaniambia nikiendelea kubeba, nitakuja kubebwa mimi. Lakini hayo ni ya kumwambia wifi? Wifi huyu huyu?

Alipanga vijiko vyake vyote kwanza, ndipo akajibu.

“Nitapika chakula cha watu wengi. Nitaongeza wapishi. Mkileta watu, theluthi yenu mnaichukua hapo hapo, sitawazungusha. Lakini nisije nikabaki na chakula, wifi. Mwezi huu nahamia mji mwingine, nafungua mgahawa wa pili. Sina cha kuchezea.”

“Watu watakuja.”

“Haya.”

Nilitoka pale miguu haigusi chini. Nilijiuliza mbona amekubali upesi hivyo, mwanamke asiyetoa hata chumvi bila kukuuliza unakwenda kuikolezea nini. Kisha nikajiambia, acha wewe, mtu akikupa usimchunguze mkono.

Sasa niwaeleze jambo moja la shule yetu, maana bila hilo hamtaelewa balaa lililofuata.

Pale shuleni hakuna shughuli bila masufuria. Iwe mkutano, iwe siku ya zawadi, kila mzazi anakuja na chakula chake, na mimi ndiye Mama Jikoni wa kamati, ndiye napanga nani alete wali, nani alete nyama. Na kila mwaka, kwa adabu tu, huwa nawaambia wasijisumbue. Na kila mwaka wanajisumbua. Mzazi mmoja aliwahi kuniamini, akaja na mtoto wake na mwavuli tu. Wenzake hawakumsema usoni, lakini hadi leo anaitwa Mama Mikono Mitupu, na hata mwanawe anaitwa Mikono Mitupu Mdogo.

Kwa hiyo nilipotuma ujumbe wa sauti kwenye kundi la wazazi, niliongea kwa upole kama nilivyozoea: “Ndugu zangu wazazi, Jumamosi mchana tuje na watoto tule mgahawani. Kila sahani mtakayonunua inasaidia ujenzi. Chakula kipo, tafadhali msijisumbue kupika.”

Wakajibu wote. Wengine wakaweka vidole gumba, wengine maua. Roho ikanitulia.

Jumamosi ikafika. Wifi alikuwa amepika, jamani, sitaki kuwadanganya. Kuku, nyama ya mchuzi, viazi, wali wa aina mbili, mboga za kila rangi. Wahudumu wamevaa aproni mpya. Wifi mwenyewe amesimama mlangoni, kilemba kimesimama naye.

Wazazi wakaanza kumiminika. Walikuja wengi kuliko nilivyotegemea! Meza za ndani zikajaa, tukatoa viti nje chini ya turubai. Wifi akanigeukia, nikamwona meno. Miaka yote ile sikuwa nimeyaona.

“Umejitahidi,” akaniambia.

Nilitaka kulia. Nikakimbilia kumtafuta Chiriku nimwambie shangazi yake amenisifu, nikamkosa kwenye meza ya watoto. Nikasema atakuwa anapiga soga mahali, namjua.

Nikiwa bado naangaza macho, nikasikia naguswa bega.

“Mama Chiriku, niuweke wapi?”

Alikuwa mama mmoja wa darasa la chini, ana kitu kizito kimefungwa kwa kanga.

“Uweke nini?”

“Wali.”

“Wali gani?”

“Wali wangu. Bado wa moto, angalia usiungue.”

Nikatazama nyuma yake. Kila mama ana furushi. Kila baba ana hotipoti. Mmoja amebeba sufuria na mumewe, kila mmoja ameshika upande wake, wanaingia nalo mlangoni kiubavu. Mama Mikono Mitupu ndiye aliyenimaliza. Alikuwa amekodi mkokoteni.

“Mwaka huu hawanipati,” akaninong'oneza, anahema.

“Dada yangu, si nilisema msijisumbue?”

“Tulikusikia,” akanikonyeza. “Si tunajuana?”

Nikakimbia meza hadi meza. “Jamani, funikeni! Leo tunanunua! Chakula cha kununua kiko pale kwenye kaunta!” Wakacheka, wakasema Mama Jikoni leo ana adabu za kupitiliza, wakafunua. Harufu ikatanda. Baba mmoja wa kamati tunayemwita Baba Hoja, kwa sababu hajawahi kukaa mkutano bila kusimama, akasimama.

“Hoja yangu ni fupi. Chakula kimeshapikwa. Kukirudisha nyumbani ni kuwavunjia heshima waliopika. Tuanze na hiki, cha mgahawa tutanunua baadaye.”

Wakampigia makofi. Hoja ikapita.

“Dada,” mama mmoja akamwita mhudumu, “tuongezee sahani. Ziwe kavu, tafadhali.”

Mhudumu akamtazama wifi. Wifi akatikisa kichwa kumruhusu, uso mkavu. Zikatoka sahani za wifi, zikapakuliwa wali wa watu. Wakahudumiana vizuri ajabu, kila mtu anamlazimisha mwenzake aonje chake. Wateja wa kawaida wa mgahawa, waliokuja na pesa zao mfukoni, wakakaribishwa nao. “Karibu baba, usione haya, ni chakula cha shule.” Nilimwona mzee mmoja tayari ameagiza kuku, akafuta oda yake, akavuta kiti kwenye meza ya Baba Hoja.

Nikapanda juu ya kiti nipige kelele. Mgongo ukanichoma kama nimechomwa sindano, nikashuka polepole, nikajifanya nilikuwa naangalia turubai.

Nikaanza kubembeleza mmoja mmoja.

“Mama, nunua hata sahani moja ya viazi.”

“Nimeshiba, dada. Hebu nishike tumbo.”

“Basi mfungiwe, mle jioni.”

“Na haya yaliyobaki nimpe nani?”

Watu walinunua soda. Wakanunua na maji. Mtoto mmoja alinunua andazi, mama yake akamgombeza kwamba anadharau chakula cha nyumbani.

Mwalimu mkuu akasimama kuhutubia. Akaushukuru mgahawa kwa ukarimu, akawashukuru wazazi kwa umoja ambao hajapata kuuona, akasema shughuli imefana. Watu wakapiga vigelegele. Wifi aliyasikia yote hayo ameegemea mlango wa jikoni, mikono ameifumbata.

Alipomaliza, mwalimu mkuu akaja akanivuta pembeni. Hakuwa tena na ile sauti ya hotuba.

“Mama Chiriku, nimemuuliza mwenye mgahawa. Theluthi ya soda haitutoshi hata mchanga wa kuanzia. Na fundi ameniambia kama hatuanzi wiki hii, anakwenda kwenye kazi nyingine.”

“Mwalimu, tushushe darasa chini basi.”

“Tumelizungumza hilo. Chini kuna watoto wadogo, madawati yao yanaishia magotini, na maabara haihamishiki.” Akakohoa. “Nimefikiria hivi. Mtoto apumzike nyumbani muhula mmoja, halafu tutaona.”

“Apumzike? Amechoka nini?”

Aliniwekea mkono begani, kisha akaitwa kupiga picha na wazazi.

Nikabaki nimesimama katikati ya watu walioshiba. Nilikuwa sina hata hasira. Ningekasirika na nani? Wote wamekuja kwa ajili ya mwanangu. Wote wamepika kwa ajili ya mwanangu. Mama Mikono Mitupu amekodi mkokoteni kwa ajili ya mwanangu. Nilitamani nikae chini tu, pale pale sakafuni, watu wanipite.

“Wifi,” nikasikia. “Njoo jikoni.”

Nikamfuata kama mtu anayeitwa polisi. Jikoni masufuria yake yote yalikuwa yamejaa, yamefunikwa, hayajaguswa. Wapishi wamekaa kwenye makreti wanatazama simu. Akawatoa nje kwa ishara ya kichwa.

“Nitakulipa, wifi,” nikawahi.

“Kwa kipi? Kwa cherehani uliyouza?”

“Nitafua. Nitaosha vyombo hapa hapa, mwaka mzima.”

“Acha maneno yako. Kaa.”

Sikukaa. Nikikaa kuinuka ni kazi, na sikutaka aone.

“Chakula hiki kinakwenda hospitali, wagonjwa watakula,” akasema. “Hasara yangu naijua mwenyewe. Sikukuita kwa hilo. Nimekuita nikuulize. Unajua leo ni mteja mmoja tu aliyenunua sahani kamili ya chakula changu?”

“Nani?”

“Alikuja kwa mlango wa nyuma, ule usio na kizingiti. Akaagiza kuku na viazi, akatoa pesa yake mwenyewe. Nikamwambia weka pesa yako, akanikatalia.”

Sikuhitaji kutajiwa jina.

“Alikuwa hapa muda wote?”

“Si leo tu.” Wifi akashusha pumzi. “Ulidhani nilikukubalia siku ile kwa maneno yako? Wewe na mimi? Alinipigia simu siku mlipoanguka ngazini, wifi. Analia. Akaniuliza, ‘Shangazi, ile nafasi ya kukaa kwako bado ipo?’”

Nikashika ukingo wa meza.

“Kule ninakohamia,” akaendelea, taratibu, kama mtu anayepita kwenye utelezi, “shule iko mkabala na nyumba yangu. Haina ghorofa. Haina hata ngazi moja. Mwalimu wao nimeshaongea naye.”

“Ulikuwa unanipangia.”

“Nisikilize.”

“Ulipika ukijua itashindikana, uje umchukue!”

“Nilipika ili nishindwe mimi!” Hapo ndipo alipopandisha sauti, na machozi yakapanda nayo. “Nilimwambia tumpe mama yako nafasi kwanza. Nilikuombea, mwanamke wewe! Mtu gani anapika chakula chote hiki akiomba kisinunuliwe? Mimi ndiye niliyewaambia waje na masufuria?”

Ni kweli, hakuwaambia yeye. Niliwaambia mimi, miaka yote, kwa upole wangu huo huo.

Mlango wa nyuma ukasukumwa. Chiriku akaingia na kiti chake, mdomo bado una mafuta ya kuku. Wasomaji wangu, mtoto huyu tangu ajue kusema hajawahi kuingia mahali kimya. Siku hiyo aliingia kimya.

Nikachuchumaa mbele yake ili tutazamane vizuri.

“Shangazi yako anasema wewe ndiye uliyemwomba.”

“Ndiyo, mama.”

“Ulilazimishwa?”

“Hapana.”

“Umenichoka, Chiriku?”

“Sijakuchoka.” Alinitazama usoni. “Wewe ndiye umechoka. Na hutasema. Utanibeba huku unacheka mpaka siku uanguke usiinuke, halafu watu waseme ni kwa sababu yangu.”

“Nani kakuambia maneno hayo?”

“Daktari. Nilikuwa nje ya pazia, mama. Nilisikia yote.”

Wifi akageuka, akajitia anapanga vifuniko.

“Kama njia ingejengwa ningebaki,” Chiriku akasema. “Nilikuwa nataka nibaki. Ndiyo maana nimenunua chakula. Lakini haijajengwa, na nikikaa nyumbani bila shule nitakuwa nakutazama tu. Sasa nakuuliza kitu kimoja, na unijibu kweli. Ukiniambia kweli nitabaki na wewe, hata kama sisomi, tutatafuta njia sisi wawili. Mgongo unakuuma kiasi gani?”

Swali lenyewe ndilo hilo. Jepesi kuliko yote niliyoulizwa mwaka huu.

Nami nilikuwa na jibu. Unaniuma, mwanangu. Unaniuma nikilala, unaniuma nikikohoa, unaniuma hata sasa hivi ninavyoongea na wewe. Lilikuwa tayari mdomoni.

“Hauniumi,” nikasema, natabasamu. “Usijali, mama yako mzima.”

Lilinitoka lenyewe. Naapa, sikulipanga. Lilitoka kwa upole ule ule.

Chiriku alinitazama. Kisha akashika magurudumu yake, akarudi nyuma, akageuza kiti.

“Shangazi,” akasema, “twende nikafungashe nguo zangu.”

Wifi akanitazama kwanza, kama anayenisubiri niseme neno. Akafuta mikono kwenye aproni, akamfungulia mlango, wakatoka.

Nikataka kuinuka niwakimbilie. Mgongo ukagoma. Nikajaribu tena, nikashika mguu wa meza, nikauma meno, wapi. Nilikuwa nimekwama pale chini, nimechuchumaa. Nje nilisikia mlango wa gari la wifi unafunguliwa, na kiti cha mwanangu kinakunjwa.

Sauti ninayo. Ningepiga kelele angesikia. Lakini nikimwita atarudi, na akirudi atanikuta siwezi kusimama.